Majina Chini ya Sufuria

Germaine alikuwa na sufuria kumi na mbili, na aliogopa kwa ajili ya kila moja. Mutu mwenye sufuria moja hulala usingizi wake wote. Mwenye kumi na mbili, akiwa mujane, tena amezaliwa ng'ambo ya ziwa, tena anakaa Kabuta, upande wa Zambia, ambako jirani anajua unapika nini kabla chumvi haijaingia, hulala na sikio moja wazi.

Sikio hilo lilikuwa linasubiri baisikeli. Baisikeli ya Royd ililia kwenye pedali ya kushoto, kwii, kwii, na Germaine aliitambua tangu ilipokuwa inapita kanisa. Royd alikuwa mutoto wa dada ya marehemu mume wake, mutu wa miaka arobaini hivi, anayenunua samaki kwenye mitumbwi na kuwapeleka vijiji vya ndani. Hakuwahi kumutukana Germaine hata siku moja. Hilo ndilo lililotisha. Aliegemeza baisikeli kwenye ukuta, akapiga makofi ya heshima na kumwita bamayo, mama, kama Wabemba wanavyofanya, halafu akahamia Kiswahili, ambacho kwa kawaida alikitumia kwa biashara tu.

"Bamayo, muko muzima?"

"Niko muzima, Royd."

"Na tansio, ile presha yenu?"

"Iko."

"Tumushukuru Mungu." Na macho yake yalipita juu ya bega la Germaine mpaka kwenye kichanja cha vyombo, yakatembea kutoka kushoto kwenda kuume, kisha yakarudi, kama ya mutu anayehakikisha. "Ile kubwa ingali?" Aliuliza kama vile mutu anavyoulizia mutoto wa mwenzake aliyekwenda masomoni.

"Ingali."

"Ile iko na nguvu. Ya zamani ile. Leo hawatengenezi tena vile."

"Hawatengenezi," Germaine alisema, na akasogea ili bega lake lizibe kichanja.

Royd alipokwenda, alikunywa maji, akageuza sufuria kubwa ikae nyuma ya zingine. Sufuria ya kupikia watu hamusini haifichiki nyuma ya kitu chochote. Aliigeuza hata hivyo.

Woga huo haukutoka hewani. Germaine alizaliwa Kilwa, upande wa Congo, akavuka ziwa akiwa na miaka makumi mawili na miwili na furushi la vikwembe vya kuuza. Kalumba, muvuvi wa Kabuta, alinunua kikwembe kimoja kwa ajili ya mama yake. Juma lililofuata alinunua kingine kwa ajili ya mama huyohuyo. Juma la tatu mama alisema nguo zinamutosha sasa, alete muuzaji. Waliishi pamoja miaka makumi mawili na sita. Watoto walizaliwa wawili na wote wawili hawakufika siku ya kutembea. Halafu Kalumba aliugua siku tatu, akafa, akazikwa, na siku ya nne jamaa yake walifika.

Walichukua kitanda, godoro, redio, nyavu, meza na viti viwili. Sufuria ya maharagwe ilikuwa motoni. Dada ya marehemu, mama yake Royd, alimwaga maharagwe kwenye beseni ili achukue sufuria. Baadaye alifikiri kidogo, akamwaga maharagwe chini ili achukue beseni. Sheria ya kukataza mambo kama hayo ilikuwepo tangu zamani. Iliishi Lusaka. Royd, ambaye wakati ule alikuwa kijana, ndiye aliyebeba godoro kichwani, na alipopita mbele ya Germaine aliinama kidogo kumusalimu, kadiri godoro lilivyomuruhusu.

Nyumba waliacha, kwa kuwa ilikuwa ya udongo na haibebeki.

Miaka mia nne iliyopita, huko Uingereza, wajane waliogopa jambo hilohilo na walikuwa na dawa yake. Walimwita mutu anayejua kuandika, akakaa kando ya kitanda, na mugonjwa akataja vyombo vyake kimoja kimoja: sufuria ya shaba kwa binti ya kaka yake, godoro la manyoya kwa mutumishi, shuka mbili kwa jirani, na gauni la pili kwa ubora kwa wifi, ili wifi ajue kwamba la kwanza limekwenda kwa mwingine. Muke mwenye mume hakuweza kuandika hivyo bila ruhusa ya mume. Ilibidi mume afe kwanza ndipo muke aonekane kuwa na sufuria. Germaine hakuwa na habari za wanawake hao. Alifika walipofika wao kwa njia yake mwenyewe, na njia hiyo ilikuwa woga.

Baada ya kilio cha Kalumba alianza upya, na sufuria moja ya kuazima, kukaanga vitumbua kwenye ufuko ambapo mitumbwi inaingia. Kisha chai. Kisha maharagwe na bukari, ugali wa kwao, kwa Wakongomani wanaovuka na mizigo na wanaofika na njaa. Alinunua sufuria moja, akakaa mwaka, akanunua nyingine. Kila sufuria ilikuwa ni kazi: ya vitumbua, ya chai, ya wali wa ndoa, ya maharagwe. Mutu akimunyang'anya sufuria hizo hamunyang'anyi vyombo. Anamunyang'anya chakula cha kesho na cha kesho kutwa.

Na kesho kutwa hiyo ilikuwa na jina lake: Bénie.

Bénie aliachwa pale akiwa na miaka minne na mama yake, Chouchou, muchuuzi wa sabuni. "Siku mbili tu, yaya," Chouchou alisema, akimuheshimu kama dada mukubwa, akapanda mutumbwi. Siku mbili hizo zilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano sasa. Bénie alikuwa musichana wa miaka kumi na tisa, mwenye mikono ya mupishi na ulimi wa muchuuzi, na katika dunia nzima hakuwa na kitu ila yule mama aliyemulea. Kwa desturi ya Kabuta, mutoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukoo wa Bénie ulikuwa ng'ambo, bila anwani. Siku Germaine akifa, Royd angefika na baisikeli, na hakuna mutu ambaye angeweza kueleza kwa nini musichana yule aachiwe hata kijiko.

Hilo tu ndilo Germaine alilolitaka: Bénie abaki na sufuria. Mengine yangejipanga.

Mwezi wa nne alikwenda kliniki ya Kafutuma kwa sababu masikio yalikuwa yanavuma. Muuguzi alifunga mukono wake kitambaa, mashine ikavimba, akaangalia namba, akafunga tena kana kwamba mukono wa pili ungesema jambo tofauti. Alimupa vidonge vya majuma mawili na akamwambia mambo mawili ya kuepuka: chumvi na mawazo. Chumvi iliwezekana.

Juma lile alipanda minibasi mpaka Nchelenge, kwa Patson, ambaye ana mashine ya kuandikia barua chini ya muvuli wa bati, karibu na maofisi. Patson aliandikia watu maombi ya kazi, mapatano ya shamba na barua za posa, zote kwa sauti moja.

"Ninataka testama, karatasi ya urithi," Germaine alisema kwa sauti ya chini.

"Sawa, mama. Ni mali gani? Nyumba?"

"Nyumba ya udongo. Ile ni ya jamaa ya marehemu."

"Ngombe?"

"Sufuria."

Patson aliinua vidole kutoka kwenye mashine. "Sufuria ngapi?"

"Kumi na mbili. Na mifuniko tisa."

Patson hakucheka, na Germaine alimushukuru kwa hilo. Alieleza kwamba karatasi ya namna hiyo inahitaji mashahidi wawili, watu wazima, wamuone akitia sahihi na yeye awaone wakitia ya kwao.

"Alor, mashahidi watajua?"

"Mama, njo kazi ya shahidi. Kujua."

Germaine alikunja kitambaa chake na kukikunjua. Aliwaza watu wawili wa Kabuta wanaojua. Jioni ile ile wangekuwa makumi mawili. Wangesema Germaine ameita kifo kwa maandishi. Na kama kifo kingeitika kabla ya mwaka kwisha, wangemugeukia yule aliyeandikwa kwenye karatasi na kumuuliza kwa upole alijuaje, kama wanavyowauliza wachawi. Bénie, mwenye sufuria kumi na mbili na hana ukoo. Karatasi ingemuua upesi kuliko njaa.

"Acha," alisema. "Andika barua ya salamu tu, kwa ndugu yangu wa Kilwa."

Patson aliandika salamu. Zilitoka nzuri sana, kama ombi la kazi.

Kwenye minibasi ya kurudi ndipo alipata shauri lake, na aliogopa hata kulifikiri wakati amekaa katikati ya watu.

Lazima ieleweke hapa jinsi kilio kinavyopikiwa Kabuta. Mutu akifa, mama wa kanisa wanapita nyumba kwa nyumba na kukusanya sufuria zote, na hakuna anayekataa, maana kila nyumba ina zamu yake ya kufiwa. Kwa siku tatu sufuria za watu arobaini zinakaa kwenye moto mumoja na masizi yanazifanya zote kuwa dada. Ndiyo maana kila mutu anachonga jina lake chini ya sufuria, kwa musumari na nyundo, nukta kwa nukta. Siku ya mwisho sufuria zinasuguliwa kwa muchanga, zinapinduliwa, na jina linasomwa. Jina chini ya sufuria ni sheria, na haikuishi Lusaka.

Germaine peke yake hakuwahi kuchonga. Katika kila kilio alikaa kando ya sufuria zake tangu moto wa kwanza mpaka maji ya mwisho, akarudi nazo mwenyewe, hata watu walisema yule mama wa Kilwa anapenda sana marehemu.

Sasa alichonga. Alifanya kazi hiyo muchana, amefunga mulango, mashine ya kusaga ya jirani ikiwa inanguruma, ili nyundo isisikike. Bénie alikuwa ufukoni na vitumbua. Kila mashine ilipotulia, Germaine naye alitulia, musumari hewani, jasho likimutiririka shingoni kama mwizi katika nyumba ya mwenyewe.

Sufuria saba aliziandika BENI, pamoja na ile kubwa. Hakuziandika zote hivyo, kwa sababu hakuwa mujinga. Mbili aliandika ROID, na hazikuwa mbaya. Wajane wale wa Uingereza nao walikuwa na hesabu hiyo: mutu unayemuogopa unamuachia kitu, kwa jina lake, ili mdomo wake uwe na kazi ya kutafuna. Moja aliandika BRIJITE, kwa mama mukubwa wa kanisa, ambaye ulimi wake ungehitajika upande wa Bénie. Moja DEBORA, kwa jirani wa ukuta. Ya kumi na mbili, ndogo, ya viazi vyake mwenyewe, hakuiandika kitu. Mutu anapika mpaka mwisho.

Kisha akazirudisha kwenye kichanja, majina chini, akakaa kitini na kungoja moyo urudi mahali pake. Mpango wake ulikuwa hivi: siku atakayokufa, sufuria zake zitapikia kilio chake mwenyewe, zitasuguliwa, zitapinduliwa, na Brigitte atasoma majina mbele ya watu wote. Hakuna karatasi, hakuna shahidi anayejua mapema. Ulikuwa mpango muzuri. Ulikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba watu wengine pia hufa.

Siku tisa baadaye Germaine alikwenda Kafutuma kuchukua vidonge. Aliporudi saa nane, kichanja kilikuwa kitupu.

Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, mulangoni, na vidonge mukononi. Aliwaza: Royd amekuja, hakungoja hata nife. Aliangalia chini kama kuna maharagwe yaliyomwagwa.

"Maman, juu ya nini unakaa mu vumbi?" Bénie alikuwa anatoka nyuma ya nyumba na ndoo.

"Sufuria."

"Ziko ku kilio. Muzee Fabien, katekista. Alikufa asubuhi. Mama Brigitte alikuya na bamama, nikawapa."

"Ngapi?"

"Zote. Katekista, maman. Batu watakuwa mingi."

Ahueni ya Germaine ilidumu muda wa kufunga na kufungua macho. Halafu alikumbuka kilichoko chini.

Alikwenda kilioni bila kubadili nguo. Sufuria zake zilikuwa zimekwisha kuingia kati ya zingine, arobaini na zaidi, zikichemka. Huwezi kumwambia mutu kwamba unataka kupindua sufuria ya bukari yenye moto. Alikaa karibu, kama kawaida yake, na kuangalia masizi yakipanda, na siku ya kwanza masizi yalimufariji. Alisogeza kuni kwa mukono wake ili moshi uongezeke. "Angalia Germaine," mama mumoja alisema, "anamulilia katekista kwa moto." Siku ya pili alijaribu kuhesabu nukta kwa akili: pengine alizichonga kidogo, pengine zimekwisha kuungua. Siku ya tatu wasichana walibeba sufuria zote mpaka majini na kuzisugua kwa muchanga, kwa bidii, kwa sababu Brigitte alikuwa amesimama juu yao.

Brigitte alikuwa mwanamuke munene mwenye sauti ya kuita mutumbwi ulioko mbali. Alijivuna kwamba katika vilio makumi sita hajapoteza kijiko. Alikaa kwenye kigoda, wasichana wakamupitishia sufuria moja moja, zikiwa zimepinduliwa, ziking'aa kama zimetoka dukani, na yeye akasoma.

"Kapenda. Kapenda anasinzia, mumuamushe. Chabu. Mama Sagesse, hii iko na tundu, usitusingizie siye, tuliona tundu tangu mwanzo. Roid." Aliangalia tena. "Roid. Bibi ya Royd iko wapi?"

Chipo, muke wa Royd, alikuja akifuta mikono. Alikuwa ameleta sufuria moja tu, na alikuwa nayo tayari kichwani. Aliangalia hiyo nyingine, kubwa, nzito, safi.

"Na hii tena, Roid," alisema Brigitte.

Chipo hakuwa mutu wa kubishana na baraka. Alizipanga zote tatu, moja ndani ya nyingine, akaondoka kabla haijasomwa tena.

Germaine alikuwa amekaa hatua tano kutoka hapo. Alitaka kusema. Lakini angesema nini? Kusema sufuria ya ROID ni yangu ni kueleza kwa nini ina jina la Royd. Alishika nyasi za mukeka uliokuwa chini yake na kuzivuta.

"Beni," Brigitte alisoma. "Beni. Na hii Beni. Beni iko wapi?"

Bénie alisimama. "Haina zangu, mama. Ni za maman."

"Jina ni la nani?"

"Ni langu."

"Bon, beba."

"Beni," alisoma tena. "Beni. Beni." Kicheko kilianza nyuma. "Uyu mutoto anaolewa lini," mutu aliuliza, "na sisi hatujaambiwa?" "Mume atafika na lori," mwingine alijibu. Halafu ilitoka ile kubwa, na wasichana wawili waliishika, na chini yake jina lilikuwa na ukubwa wa kiganja. Hakuna aliyecheka. Kabuta yote iliijua sufuria ile. Ilikuwa ni kama kusoma jina la mutu mwingine kwenye paji la uso la Germaine.

Wanawake waligeuka kumuangalia. Bénie naye aligeuka. Germaine aliona katika macho ya mutoto wake kwamba ameelewa, na kwamba anaogopa kuliko yeye.

Brigitte alisoma DEBORA kwa sauti ndogo zaidi. Halafu alisoma jina lake mwenyewe, kimoyomoyo, kwenye sufuria ambayo haikuwa yake, akaiweka pembeni ya kigoda, na kuvuta mguu wake mbali nayo. Ya mwisho ilikuwa ndogo, haina kitu chini. "Hii haina mutu," alisema.

"Ni yangu," Germaine alisema.

Bénie alibeba sufuria saba kwa safari tatu. Safari ya mwisho walirudi nyumbani wote wawili, akakaa mbele ya Germaine, akiwa bado ameshika sikio la ile kubwa.

"Maman, unakufa?"

"Hapana. Haina leo."

"Ku kliniki walisema nini?"

"Chumvi."

"Maman."

"Walisema chumvi na mawazo. Njo yote. Niliogopa juu yako, nikachonga. Sikujua katekista ataniwahi."

Bénie alilia kidogo, kwa hasira, kisha akainuka na kuzipanga sufuria kwenye kichanja. Germaine alimuangalia akizipanga na alihisi baridi. Mali yake ilikuwa imekwisha kugawanywa, majina yamesomwa, watu wameondoka na sehemu zao. Kilio chake kilikuwa kimekamilika kabisa. Kilikosa mwili tu.

Wengine nao waliogopa, na kwa sababu nzuri. Asubuhi iliyofuata Deborah aliileta sufuria yake juani, mbele ya njia, akiwa anaimba wimbo wa kanisa ili wapitanjia wageuke. Hakuingia. Aliiweka kizingitini. "Germaine, ndugu yangu, sufuria yako. Miye sikuomba kitu. Batu wote wanasikia, sikuomba." Saa tatu Brigitte alifika na mama wanne, akaitua ya kwake, akafanya sala ndefu ya kumuombea Germaine miaka mingi, na alipofika kwenye miaka aliinua sauti hadi mitumbwini. Hakuna hata mumoja aliyetaka kuwa na chombo cha Germaine nyumbani siku Germaine atakapoanguka.

Siku nne zilipita. Halafu, saa ya chai: kwii, kwii.

Royd aliegemeza baisikeli. Alipiga makofi. Mara hii macho yake hayakutembea kwenye kichanja, yalikaa juu ya Germaine.

"Bamayo, nilisikia mumegawanya."

"Ndiyo."

"Kwetu batu wanagawanya nyuma ya kilio kwisha. Miye sijaona kilio."

"Utanisamehe," Germaine alisema. "Sijapata nafasi."

Royd alitikisa kichwa kwa upole uleule. "Saba kwa huyu mutoto. Ni mutoto wa nani? Na miye, damu ya bwana yenu, mbili. Nitaita jamaa, bamayo. Vyombo virudi vyote pamoja. Tutavipanga vizuri, siku ikifika."

Hilo ndilo neno ambalo Germaine alikuwa amelisubiri miaka kumi na sita, na sasa lilikuwa limekaa pale uwanjani. Aliona kitanda kikitoka, meza ikitoka, maharagwe chini. Alisogea kando ya ukuta.

Ni Bénie aliyetoka nyumbani, na kitambaa begani.

"Yaya Royd. Zile mbili zenu. Mumepika ndani?"

"Chipo anapikia bukari."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ziko muzuri."

"Nani aliwaambia ni zenu?"

"Ziko na jina. Brigitte alisoma mbele ya batu yote."

"Na zangu alisoma nani?"

Royd alishika usukani wa baisikeli. Hakuwa mujinga, na aliliona shimo kabla ya kuingia mguu wa pili. "Nitazirudisha," alisema. "Zote zirudi."

Hapo Germaine alipata sauti. Haikuwa ya ushujaa. Ilikuwa ya mutu anayeogopa jambo na anayeona kwamba jambo hilo ni kubwa, linawatosha wawili.

"Deborah alirudisha asubuhi ya kwanza," alisema. "Brigitte alirudisha na sala. Weye ulibakia nazo siku tano, ukakula ndani. Ukizirudisha leo, batu wataulizana ulikuwa unangojea nini. Na kama unazibakisha, na miye naanguka kesho na tansio hii, wataangalia nyumba gani, Royd? Mutoto anakaa na miye, anakula na miye, akinipoteza anapoteza mama. Weye njo unakuyaka kila juma kuuliza kama ningali."

Royd aliangalia baisikeli yake. Aliangalia ukuta wa Deborah, ambapo wimbo wa kanisa ulikuwa umekatika ghafla. Kwa mara ya kwanza tangu alipobeba godoro, Germaine aliona uso wake ukiwa hauna upole. Ulikuwa na woga tu, na Germaine aliutambua mara moja, kama mutu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

"Bamayo," alisema polepole. "Vidonge munakunywa?"

"Ninakunywa."

"Kila siku?"

"Siku zingine nasahau."

"Musisahau," Royd alisema. "Tafazali."

Jamaa hawakuitwa. Sufuria saba zilibaki kichanjani, na kila alfajiri Germaine anamuomba Bénie ile ya vitumbua, na Bénie anampa, mara nyingine baada ya kumuangalia sana. Za BRIJITE na DEBORA ziko pale pia. Hakuna mutu anayezigusa. Royd anakuja kila juma kama zamani, lakini analeta samaki ambaye hajatiwa chumvi, na anangoja mpaka amuone Germaine akimeza kidonge.

Mwisho wa mwezi alikuja kumuchukua kwenda Kafutuma, kwa baisikeli. Germaine alikaa nyuma, kwenye kiti cha samaki, juu ya gunia lililokunjwa, na vidole vyake viwili vimeshika mushipi wa Royd. Alikuwa anaogopa. Njia ilikuwa na mashimo, na mutu aliyekuwa mbele yake ndiye yule yule. Pedali ya kushoto ililia kwii, kwii, chini yake kabisa sasa, na Royd aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo kama amebeba mayai.

"Ile kadogo, bamayo," alisema bila kugeuka. "Haina jina."

"Haina."

"Alor, ni ya nani?"

"Ingali na viazi," Germaine alisema. "Angalia mbele."